Kwenye Wimbo Mama Anakufa

Mtu akitaka kuniharibia siku, aniambie kwamba naandika kama mtoto wa kaka yangu. Nimeambiwa sokoni, nimeambiwa saluni, nimeambiwa hata na daktari wa meno pale Makole, mdomo umejaa vyuma na siwezi kujibu. "Damu ni damu," alisema huku akichimba. "Wewe unaandika vichekesho, yeye anatunga nyimbo, lakini mtu akitulia anaona ni mtindo mmoja." Nilitoa sauti ya kukataa. Yeye akadhani naumia, akaongeza sindano ya ganzi.

Mimi ni Mrangi wa Kondoa. Nilikuja Dodoma mjini nikiwa msichana, na sasa nakaa Miyuji, kwenye nyumba yenye tangi kubwa kupita nyumba yenyewe, kwa sababu mgao wa maji wa mtaani kwetu haufuati ratiba ya binadamu. Kwa miaka mingi nimekuwa na safu ya vichekesho kwenye gazeti moja la kila wiki. Naandika mambo ya nyumbani: fundi aliyeondoka kwenda kununua msumari asirudi, shemeji aliyekuja kusalimia akakaa mpaka watoto wakaanza kumwita baba. Sentensi zangu ni ndefu na nazitaka hivyohivyo. Kichekesho changu ni makande. Kinataka moto mdogo na muda, na asiye na subira akanunue chipsi.

Mtoto wa kaka yangu anaishi Dar es Salaam. Yeye haimbi, maana sauti yake ni kama mlango unaodai mafuta. Anawatungia wengine. Nyimbo zake zinapigwa madukani, kwenye bodaboda, kwenye harusi, na takriban zote zina maneno machache yanayorudiwa mpaka unatamani kuitumbukiza redio kisimani. Zote ni za huzuni. Kuna mtu ameondoka, kuna mwingine yuko mlangoni anamsubiri. Na watu wanazicheza! Wanainua mikono juu na kuzungusha kiuno huku mwimbaji anasema moyo wake umekuwa nyumba isiyo na taa. Sasa niambie, huo na wa kwangu ni mtindo mmoja kivipi?

Mambo yangebaki hapo kama wifi yangu asingepiga simu. Wifi ni mke wa kaka yangu, mama wa huyo mtunzi. Wanaishi Kongwa, ambako kaka amefundisha kilimo sekondari tangu ana nywele.

"Wifi, kaka yako anastaafu," akasema. "Tunamfanyia sherehe. Kamati imeshakaa."

"Imekaa lini?"

"Jana. Wewe ni mjumbe."

"Mimi sikuwepo."

"Ndiyo maana tumekupa kazi. Wewe na kijana wako mtaandaa kitu kimoja cha kumsifu. Wewe uandike, yeye atie wimbo, vishikane kabisa, kisijulikane kipi kimeishia wapi. Haitawasumbua, si mnaandika sawa?"

"Hatuandiki sawa."

"Basi mtajuana hukohuko," akasema, akakata.

Kijana akaja na treni ya umeme, begi moja mgongoni na kinanda kidogo chini ya kwapa kama anabeba ubao wa kukatia nyama. "Shikamoo Shangazi." "Marahaba mwanangu, karibu." Nampenda, hilo niliseme mapema, kwa sababu katika siku zilizofuata kuna nyakati ambazo mtu asingelijua. Nilimpa chumba cha nyuma. Kabla jua halijapanda kesho yake alikuwa ameshaacha waya zake kwenye kikapu changu cha mkate, na alikuwa uani anavuma, yaani anaimba kwa pua bila maneno, mstari uleule, ukipanda kidogo, ukishuka kidogo, kama nyuki aliyekosa dirisha.

Tulikaa barazani nikamsomea nilichoandika. Nilikuwa nimejituma. Kulikuwa na kaka na baiskeli yake isiyo na breki. Kulikuwa na kaka akiotesha karanga nyuma ya nyumba palepale Kongwa, mahali ambapo zamani mradi wa karanga uliwashinda Wazungu na matrekta yao, naye akavuna debe zima na kutaka serikali ijulishwe. Kulikuwa na mbuzi wetu wa utotoni aliyepanda juu ya paa la msikiti siku ya Idi, kaka akatumwa kumshusha, wakabaki wote wawili huko juu mpaka swala ikaisha. Nilisoma kurasa zote. Mwenzangu alisikiliza akiwa na uso wa mtu anayesomewa hukumu.

"Mbuzi alipanda paa kweli?" akauliza.

"Hapana."

"Sasa?"

"Ungemjua yule mbuzi usingeuliza. Tabia ya kupanda paa alikuwa nayo. Nafasi tu hakupata."

Akatikisa kichwa. Nikamwambia alete chake. Akaweka kinanda magotini, akabonyeza mahali pawili, akasema kwa ile sauti yake:

*Baba yuko mbele,*
*nafuata mgongo.*
*Baba yuko mbele.*

Nikasubiri. "Endelea."

"Nimemaliza."

"Umemaliza nini?"

"Ubeti."

"Halafu kinakuja nini?"

"Halafu unarudi mwanzo."

Nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena. Nilimuuliza kama anajua kwamba baba yake ana kichwa, mikono, miguu, historia, na kwamba watu watakaotoka Kondoa na Chemba na Dodoma mjini watataka kusikia zaidi ya mgongo. Akasema wimbo hauhitaji vitu vingi, unahitaji kimoja kinachouma.

"Shangazi, usikasirike. Wewe unasema kila kitu isipokuwa kile ulichokuja kusema."

"Na wewe unasema ulichokuja kusema mpaka mwenyeji anajuta kukufungulia mlango."

Akacheka. Mimi sikucheka. Siku mbili tatu tulikwenda hivyo. Yeye anakata maneno yangu, mimi namwongezea ya kwake, kila mmoja anatoka barazani ameshika kiuno. Nikiweka mfano wa tatu anasema wa kwanza ulitosha. Akirudia mstari mara ya nne namuuliza kama anadhani wageni ni viziwi. Kilichonikasirisha kupita yote kilitokea jikoni. Nilikuwa nachambua mlenda, na jirani yangu akachungulia juu ya ukuta akasema, "Wimbo mzuri huo, mama." Nikamuuliza wimbo gani. "Huo unaouimba." Nilikuwa namfuata baba mgongo, mie mwenyewe, kwa sauti, sijui tangu lini.

Siku iliyofuata nikamsomea kisa cha korongo, ambacho kwa haki ndicho kisa changu bora. Nimekisimulia kwenye misiba na kwenye harusi na hakijawahi kunitupa. Ulikuwa mwaka wa mvua kubwa. Mimi darasa la kwanza, kaka darasa la sita, tunakwenda kwa bibi yetu mzaa mama, upande wa pili wa kilima. Kwetu Kondoa ardhi ina makorongo yaliyochimbwa na mvua, na yanapojaa yanageuka mito kwa siku moja. Kaka akanibeba mgongoni kuvuka. Katikati, kandambili yangu moja ikaanguka ikaondoka na maji. Aliponitua ng'ambo akashuka tena kuitafuta, na aliporudi alikuwa ameshika kiatu. Si changu. Kiatu kikubwa cha mwanamume mzima. Akanivalisha hichohicho, nikatembea mpaka kwa bibi mguu mmoja wa mtoto na mwingine wa mzee, *kap*, *dumu*, *kap*, *dumu*, na bibi aliponiona akakitazama kile kiatu, akauliza mwenyewe yuko wapi, aje anywe chai.

Hapo watu huanguka. Mpwa wangu hakuanguka.

"Mlikuwa mnakwenda kwa bibi kufanya nini?" akauliza.

"Kukaa."

"Shule je?"

"Shule tuliiacha kwanza."

"Kwa nini?"

Nikaanza kuchoka naye. "Kwa sababu mama alikuwa amepelekwa hospitali."

"Ana nini?"

"Hatukuambiwa. Tuliamka tukakuta watu wazima wamejaa, wakambeba juu ya kitanda cha kamba, wakaenda naye. Jioni tukaambiwa nasi tuondoke."

Akatoa waya masikioni, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu ashuke kwenye treni. "Hilo liko ukurasa gani?"

"Haliko."

"Kwa nini haliko?"

"Kwa sababu kisa ni cha kiatu!"

Akaondoka kwenda uani. Nikajua nimeshafanya kosa, na kweli, baada ya chakula cha mchana akaja amekunja karatasi. Akasema:

*Mama kabebwa asubuhi,*
*mimi kabebwa jioni.*
*Mama hakurudi.*

Nitasema kweli, mistari ile miwili ya mwanzo ilinipiga. Ilikuwa ni siku yangu ile yote, imewekwa kiganjani. Lakini wa tatu!

"Mama alirudi," nikasema.

"Najua."

"Alirudi baada ya kama mwezi, amenenepa, akatuchapa wote wawili kwa kupoteza kandambili. Ameishi mpaka ameona wajukuu. Wewe mwenyewe umekunywa uji wake!"

"Najua, Shangazi. Lakini kwenye wimbo anakufa."

"Kwenye wimbo mama anakufa?"

"Asipokufa wimbo haufiki."

"Haufiki wapi?" Sasa nilikuwa nimesimama. "Wimbo unakwenda wapi huko mpaka udai maiti? Umemuua mama yangu, bibi yako, ili mstari ukae vizuri!"

"Na wewe ulimpandisha mbuzi juu ya msikiti."

"Mbuzi hakuumia!"

Tukatazamana. Jirani alikuwa ameacha kufagia upande wa pili wa ukuta, nikamsikia anavyosikiliza. Nikakaa chini. Hasira ilikuwa bado imenijaa, ila ilikuwa imekosa pa kwenda, maana yule mtoto alikuwa amenishika. Mimi natia chumvi ili jambo lisimlemee mtu. Yeye anatia chumvi ili lisimponyoke. Sote ni waongo wa siku ileile, na ukweli wenyewe, mama aliyebebwa akarudi, haukuwa kwangu wala kwake.

Akauliza kwa upole, "Baba alipokubeba alikuwa kimya?"

"Nani? Kaka? Aa, alikuwa hanyamazi! Alianza kuyaamkia maji. 'Shikamoo Bwana Maji, tunaomba kupita, huyu mgongoni ni mzigo wa serikali.' Akaiga mwendo wa mjomba wetu mwenye tumbo, mle mle majini, na mimi mgongoni nikiyumba. Akaniambia tusizame, maana tukizama mama atatuchapa. Nilicheka mpaka nikamng'ata bega."

Nilikuwa natabasamu, sikumwangalia mara moja. Nilipomwangalia alikuwa amebadilika sura.

"Baba?" akasema.

"Baba yako."

"Baba yangu alikuwa anatania?"

"Mimi unadhani vichekesho nilivitoa wapi? Kwa bibi? Bibi alikuwa mkali kama pilipili."

"Nimelelewa ndani ya nyumba yake," akasema polepole. "Sijawahi kumsikia anatania. Hata siku moja. Kule shuleni tulikuwa tunamwita Ukimya. Mimi mwanawe nilikuwa namwita hivyohivyo."

"Alishakuwa mwalimu," nikasema.

"Hilo si jibu, Shangazi."

Halikuwa jibu. Nikakereka, kwa sababu alikuwa ananiuliza kana kwamba mimi ndiye niliyemficha yule kaka wa korongoni, nimemfungia kabatini. Sikuwa najua alikwenda wapi. Niliolewa, nikahama, nikawa namwona kaka sikukuu kwa sikukuu, na kila nikimwona amepungua maneno. Mtu huoni siku ambayo ndugu yako anaacha kutania. Nikamwambia hivyo. Akavaa viatu akatoka. Alirudi jua linashuka, vumbi mpaka magotini, ameshika mfuko wa zabibu wa kule barabarani. Akauweka mezani, akaosha bakuli, akazimimina, akasogeza upande wangu. Nikala, na kwa mara ya kwanza wiki ile sikuongeza neno.

Tukafanya kazi kama watu wanaotaka kumaliza. Mimi nilipunguza kurasa mpaka nikahisi nimenyolewa. Mbuzi akaondoka, baiskeli ikaondoka, karanga zikabaki kidogo. Mama akaingia, kwenye kitanda chake cha kamba. Naye kijana akakubali kumwacha hai. Alihangaika na mstari wa tatu siku nzima, anavuma, anasimama, anavuma, hadi nikataka kumrushia mwiko. Mwisho akaja nao: *Mama akachelewa.*

"Alichelewa?" akaniuliza. "Hiyo ni kweli?"

Nikakumbuka tulivyokuwa tunakaa juu ya jiwe kwa bibi, kila gari la mizigo likisikika tunainuka. "Alichelewa," nikasema. Lile neno lilinikera kwa jinsi lilivyokaa mahali pake.

Sherehe ilikuwa Kongwa, kwenye uwanja nyuma ya nyumba ya kaka, chini ya hema lililokuwa likivutwa na upepo mpaka vijana wawili wakapewa kazi ya kushikilia nguzo. Kaka alikaa kwenye kiti kilichofungwa mapambo, suti ya kijivu, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri kupimwa macho. Wifi na wenzake walikuwa na kitenge cha sare. Mshereheshaji alikuwa kijana wa koti la kumetameta aliyependa sana kipaza sauti, na alipomaliza kutambulisha kila meza na ukoo wake, saa zilikuwa zimekwisha. Akaja kuninong'oneza, "Mama, mna dakika tatu."

"Tulipewa nusu saa."

"Tatu, mama. Chakula kinapoa."

Hata sikupata muda wa kugomba. Alishanivuta mbele, anatangaza kwa nguvu, "Jamani, mama wa vichekesho huyo! Shikeni mbavu!"

Hapo ndipo nilipoharibikiwa. Watu walishika mbavu kweli. Nilisema "Assalaam aleikum" na "Bwana asifiwe" kwa pamoja, kama tunavyofanya kwenye mchanganyiko wa dini, wakacheka. Nikasema kaka alikuwa darasa la sita, wakacheka. Nikafika pale ambapo mimi na mpwa wangu tulikuwa tumepagombania wiki nzima. Nikasema, "Asubuhi ile mama alibebwa juu ya kitanda cha kamba." Mama mmoja meza ya mbele akapiga kofi la paja, akasema, "Yarabi, huyu mama ataniua!"

Nikanyamaza. Wakazidi kucheka, wakadhani kunyamaza ndiyo kichekesho. Nimeandika miaka yote ili watu wacheke, na siku moja tu nimeomba wasicheke, wamekataa. Nilimtafuta mpwa wangu kwa macho. Alikuwa amesimama karibu na spika, ameziba uso. Nikarukia kwenye kiatu, niwape wanachokitaka nikakae. Kandambili, maji, kiatu kikubwa. Walikuwa wanalia kwa kicheko.

Ndipo kaka akainua mkono. Aliinua kama mwanafunzi, kidole kimoja juu, amekaa palepale kwenye mapambo yake.

"Naomba kurekebisha," akasema.

Mshereheshaji hakujua la kufanya. Kaka akasimama, akanyoosha mkono, akapewa kipaza sauti.

"Dada yangu anasema nilikitoa majini. Sikukitoa majini. Kilikuwa kimekwama kwenye tope, ng'ambo. Nilikijua. Kilikuwa na kiraka cha tairi. Kilikuwa cha jirani yetu, mmoja wa wale waliombeba mama asubuhi."

Wachache wakacheka kwa mazoea, kisha wakaacha.

"Njia ya hospitali nayo ilivuka palepale, na mchana ule maji yalikuja ghafla. Mimi nilikuwa nawaza kutwa kama walivuka au walichukuliwa. Sikumwambia huyu, alikuwa mdogo. Nilipokiona kile kiatu upande wa pili, nikajua mtu aliyeshika mguu wa kitanda alifika ng'ambo. Kama yeye alifika, na mama alifika. Nikakichukua. Ila ningekibeba mkononi angeniuliza cha nini. Mnamjua, anauliza mpaka unajuta." Akaniashiria kwa kidevu. "Nikamvalisha."

Hema lilikuwa limetulia, upepo nao kama umekaa chini. Nilikuwa nimeshika karatasi zangu na sikuziona. Kisa nilichokisimulia maisha yangu yote, nilikuwa nimekivaa mguuni na sikujua ni nini.

Na kaka, baada ya kutufikisha pale, alifanya nini? Akasema, "Lakini kusema kweli, alipendeza. Alitembea hivi." Na mwalimu wa kilimo aliyestaafu, ndani ya suti ya kijivu, akatembea mbele ya wageni wake, *kap*, *dumu*, *kap*, *dumu*, kiuno kimepinda, mpaka kwenye meza ya keki na kurudi. Watu walipiga kelele. Wifi alikaa chini kwenye nyasi. Nilimtazama mpwa wangu. Alikuwa anacheka amefungua mdomo wazi na machozi yanamtiririka, hajui afute au aache.

Basi wimbo ungekuja hapo, kila mtu akiwa laini, ungefika huko kunakotakiwa bila maiti. Lakini mtu wa muziki alipobonyeza, ukatoka kwa sauti ya kupasua ngoma za masikio. Ulikuwa umerekodiwa na rafiki wa mpwa wangu kutoka mjini, dada mwenye sauti nzuri, na neno moja halikusikika. Kilichosikika ni mdundo. Wale wa kitenge cha sare wakainuka wote. Mikono juu, viuno vikazunguka, vigelegele, mama kabebwa asubuhi.

Nikaenda kusimama karibu na mpwa wangu.

"Wanacheza," akasema.

"Siku zote wanacheza."

"Huu si wa kucheza, Shangazi."

"Na kisa changu leo hakikuwa cha kucheka."

Tulisimama pale, wote wawili tumekasirika, na naomba nikiri kwamba ilikuwa raha kukasirika na mtu anayejua kazi.

Kaka ndiye peke yake ambaye hakucheza. Alikuwa ameinamisha kichwa upande wa spika, anayachuja maneno. Ulipokwisha akamwita mwanawe kwa kidole. Nikamfuata, sikualikwa.

"Huo mgongo ni wangu?" kaka akauliza.

"Ndiyo, Baba."

Akafikiri. "Ile njia tuliyokuwa tunakwenda nayo shambani ina mashimo," akasema. "Ningegeuka ningeanguka. Lakini nilikuwa nasikia ndala zako. Ulikuwa unaziburuza."

Kijana akavuta kiti, akakaa karibu naye.

Kesho yake nilitakiwa kuondoka asubuhi, gari la kukodi limeshafika, dereva anapiga honi kila baada ya muda. Lakini begi langu lilikuwa limefungiwa ndani ya gari la mpwa wangu la kuazima, na yeye alikuwa nyuma kwenye shamba la karanga na baba yake. Nilitaka kuwaita. Wifi akanikatalia. "Waache," akasema. "Tangu swala ya alfajiri wanaongea." Nikakaa kwenye ngazi na mkoba magotini, jua linapanda, dereva anahesabu muda wake kwa honi.

Nikiwa hapo mhariri wangu akapiga. Alikuwa amepata makala niliyomtumia kwa simu, niliyoiandika usiku ule ule kwa hasira, yenye kitanda cha kamba na kiatu cha jirani.

"Dada, nzuri sana," akasema. "Ila hapa kwenye mama kubebwa, msomaji anacheka wapi?"

"Hachekei hapo."

"Sasa niipunguze hiyo sehemu?"

"Ukiipunguza, toa yote."

Akaguna, akasema tutaona. Waliichapa yote, kwa kweli neno halikuguswa. Juu yake waliweka katuni yao ya kila wiki, mwanamke mnene aliyeshika tumbo, meno yote nje. Nimewaomba mara ngapi waitoe.